Bega la Ndeshi na Jani la Sale

Jumapili, 2 Machi

Jana, Jumamosi ya tarehe mosi Machi, kabla ya adhuhuri, mwanangu Ndeshi alipoteza bega lake la kulia. Ana miaka kumi na mmoja. Lilitoka mahali pake mbele ya watoto thelathini na kitu na wazazi waliokaa kwenye mabenchi, na aliyelitoa ni baba yake mdogo, Godbless, ambaye ni mdogo wa mume wangu na ndiye sensei wa karate kwenye ukumbi wa kupanga hapa Sekei.

Hospitali wamelirudisha, kwa hiyo nyumba nzima inasema halikupotea. Mimi nauza vifaa vya ujenzi. Mlango uking'oka bawaba siku isiyo na upepo, simwambii mteja kwamba umepona kwa sababu nimeuegesha tena kwenye fremu.

Godbless alikuwa anawaonyesha watoto jinsi ya kumkunja adui mkono nyuma ya mgongo. Kila mara anamchagua Ndeshi, maana mkono wa Ndeshi unakwenda mbali kuliko wa wenzake. "Mwoneni huyu, hana mifupa," ndivyo anavyosema, na watoto hupiga makofi. Jana ulikwenda mbali zaidi. Sikuwapo, nilikuwa dukani. Nimeambiwa Ndeshi hakulia. Alisema tu, "Sensei, mkono umezimika."

Naandika hapa kwa sababu katika ukoo wa mume wangu jambo likisemwa linaombewa, na likishaombewa halipo tena.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza. Mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni. Hakwenda shule. Amekula nusu ndizi.

Jumatano, 5 Machi

Mume wangu, Abdiel, alipiga simu kutoka Momela. Anasimamia magari na jenereta kwenye loji ya huko, na huja nyumbani Ijumaa jioni. Aliuliza kama mtoto anakula, kama analala, kama mama yake amefika kumwona. Nikamwuliza yeye amemwambia nini mdogo wake. Akasema, "Tutazungumza, mama Ndeshi."

Miaka kumi na mitatu ya ndoa. Najua "tutazungumza" yake ina uzito gani.

Ijumaa, 7 Machi

Leo tumekwenda kwa Sabina, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ni dada mwembamba, hana haraka, anaongea na mtoto kwanza ndipo aongee na mzazi. Alimfanyia Ndeshi kitu kama mtihani. Kidole gumba kikipindwa kinalala juu ya mkono, chini ya kifundo, mpaka kinagusa ngozi? Kimelala, vyote viwili. Kidole cha mwisho kinapinda nyuma hadi kusimama wima? Vimepita, vyote viwili. Viwiko vinapinda upande usio wake? Cha kushoto ndiyo, cha kulia hakuangalia kwa sababu ya bega. Magoti? Yote mawili, kama miguu ya korongo. Viganja sakafuni bila kukunja magoti? Kimoja kilifika, kile kisicho na kitambaa, na akasema inatosha. Nane kati ya tisa.

Ndeshi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Alidhani amefaulu.

"Hapana, mpenzi," Sabina akamwambia. "Huu ni mtihani unaotaka kupata alama chache."

Akanieleza. Kamba zinazofunga mfupa na mfupa, kwa watu wengi ni ngumu, kwa Ndeshi ni laini, alizaliwa hivyo. Kamba haikazwi kwa dawa. Kinachobaki kuushika mfupa ni nyama, kwa hiyo tunajenga nyama. Na kumnyoosha, kule kumvuta vuta ambako watu hukuita kulainisha mwili, ni kulegeza kilicholegea.

Nikamwuliza michezo mmoja mmoja, kama ninavyombana msambazaji anayeniletea bati. Judo? Hapana, huko unashikwa na kutupwa. Sarakasi? "Hata kuitazama asiitazame," akacheka kidogo. Kuogelea? Vizuri, bega likipona, kwa kuanzia na miguu. Baiskeli? Vizuri. Kupanda kilima kwa miguu? Vizuri, akiteremka awe mwangalifu. Kumwacha akae tu nyumbani? Akaacha kucheka. "Hilo ndilo baya kuliko yote, mama. Mtoto huyu akikaa, nyama inaisha, na viungo vinabaki bila mlinzi."

Ndeshi akauliza, "Na karate?"

Sabina alimtazama yeye, hakunitazama mimi. Akasema karate si adui. Adui ni namna. Asikunjwe mkono na mtu yeyote. Asisukumwe kwenye msamba. Teke lisipite kiuno. Ngumi isimame kabla kiwiko hakijanyooka chote, na magoti hivyo hivyo. Asivutwe na mwenzake kwa kisingizio chochote. Masharti matano. "Mwalimu akiyakubali na kuyasimamia, nitamrudisha mwenyewe, baada ya wiki sita."

"Sensei ni baba yangu mdogo," Ndeshi akasema. "Atakubali."

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe alikuja baada ya ibada ya pili, amevaa kitenge cha umoja wa wanawake, Godbless nyuma yake ameinamisha kichwa. Mkononi mama ameshika jani la sale, bichi, limefungwa fundo.

Hakuhitaji kusema neno. Mimi ni mzaliwa wa Marangu, wao ni wa Machame, na kote jani ni hilo hilo. Aliyekukosea akikuletea sale, unasamehe. Wazee walisamehe hata damu kwa jani hilo. Ukilikataa, kosa linahama, linatoka kwake linakuja kukaa kwako. Laana siiogopi, mimi ni Mlutheri. Ninachoogopa ni kuitwa yule mwanamke aliyekataa sale, maana jina la namna hiyo linafika Machame kabla hujafunga mlango.

Shikamoo, marahaba, karibuni. Abdiel alisimama akalipokea kwa mikono miwili, haraka mno. Hakunitazama kabla.

"Kaka, shemeji, nimekosa," Godbless akasema. "Nilimkunja kupita kiasi."

Sauti yake ilikuwa ya kweli. Nikasema nimesamehe, na nilimaanisha. Mama mkwe akaomba, sala ndefu, akataja mpaka mvua. Nikaleta chai na mihogo. Nikangoja mpaka vikombe vikawa nusu, ndipo nikasema, kwa heshima yote, kwamba nashukuru, na sasa ningependa kujua mtoto akirudi ukumbini atafundishwa vipi, kwa sababu mtaalamu ametoa masharti.

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Mama Ndeshi, sale limepokelewa."

"Ndiyo, mama. Nauliza habari ya mazoezi."

"Limepokelewa," akarudia, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia.

Godbless alifungua mdomo, akamwangalia mama yake, akaufunga. Abdiel akauliza nani aongezewe chai.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Nimeliweka jani kwenye chupa ya maji dirishani. Linapendeza, siwezi kusema halipendezi.

Ijumaa, 21 Machi

Kitambaa kimetolewa. Sabina ameanza kumpa mazoezi. Anasukuma ukuta kwa viganja, viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo. Anavuta mpira taratibu kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni. Anasimama kwa mguu mmoja anapopiga mswaki. Mpira wa hospitali ulikuwa mfupi, nikakata tyubu ya baiskeli, nikaifunga kwenye nondo ya dirisha. Nimepima kila upande usizidi.

Ndeshi anafanya yote bila kunijibu. Anafanya kwa ajili ya kurudi.

Jumapili, 30 Machi

Kanisani, nje, chini ya miavuli. Mama mmoja wa kwaya akanishika mkono, akaniambia kwamba amesikia mtoto hajarudi kwa baba yake mdogo, na kwamba msamaha wa mdomoni Mungu anaujua. Mwingine akaongeza kwamba mtoto wa kike na karate ni wapi na wapi, nimfundishe kukanda chapati.

Jioni nilimpigia Sabina simu nikamwuliza habari ya kukanda unga. Akasema ni zoezi zuri sana la bega. Kwa hiyo huyo wa pili angalau amesaidia.

Huyo wa kwanza ndiye anayeninyima usingizi. Naona sasa mtego ulivyo. Nikimzuia Ndeshi, sijasamehe. Nikimrudisha kama zamani, nimesamehe, na bega linatoka. Katikati hapo pana masharti matano ambayo hayasemeki, maana sale limepokelewa.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimempeleka bwawani, kwenye hoteli moja inayoruhusu watoto. Anga imeziba, Mlima Meru hauonekani wiki nzima, maji baridi kama ya kisima cha Olmotonyi. Alishika ubao akapiga miguu urefu wote wa bwawa, mara nne, akatoka midomo ya zambarau.

Nikamwuliza kama amependa.

"Mama, maji hayapigani," akasema.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemkuta chumbani, mbele ya kioo cha kabati. Anacheza ile mifuatano yao ya ngumi na hatua, peke yake, bila kelele. Ngumi zinasimama kabla ya kiwiko kunyooka. Magoti laini. Hakuna aliyemwambia aunganishe mafundisho ya Sabina na ya Godbless, ameunganisha mwenyewe. Sijui chochote cha karate, lakini nauza vitu vinavyobeba uzito, na nilichokiona kilikuwa kinabeba.

Niliondoka kabla hajaniona.

Jumamosi, 12 Aprili

Limetoka tena.

Nilikuwa dukani napokea vigae. Simu ya Abdiel ilipoita nilijua, kwa sababu Abdiel hapigi simu saa za mzigo. Walikuwa wameshafika hospitali.

Alimpeleka ukumbini yeye mwenyewe. Alinieleza kwenye korido, ameshika koti la mtoto. Aliona mtoto akionekana pale siku moja tu, maneno ya kanisani yatakwisha. Angekaa tu na kutazama. Mimi nisingejua, na nisingekuwa na sababu ya kukasirika. Alikuwa ameshalipanga vizuri kabisa.

Godbless alikuwa amesimama ukutani, bado na suti yake nyeupe, miguu mitupu, matope. "Shemeji, sikumgusa," akasema. "Wenzake niliwaambia wapigane, yeye nikampa yale mepesi."

Mepesi ni haya. Mtoto anakaa chini, anafumbata vidole nyuma ya mgongo, na mwenzake anamwinulia mikono polepole kwenda juu, kifua kifunguke. Kwa mtoto mwingine ni mepesi kweli, mwili wenyewe unagoma, na mwenzake anaacha. Aliyekuwa anamwinulia Ndeshi ni msichana wa miaka tisa. Aliinua, akasubiri mwili ugome. Haukugoma. Akaendelea kusubiri huku anainua. Mwili wa Ndeshi hausemi basi.

Nilitaka kumpiga Godbless kofi, na mbele za Mungu ningempiga. Lakini nilikuwa nimeshaelewa jambo, na ukishaelewa mkono unakuwa mzito. Alikuwa amemhurumia. Katika vyote alivyonavyo ukumbini alichagua kile alichoamini ni kipole kabisa, na kwa mtoto huyu hicho ndicho kibaya. Angejua, kama tarehe tisa Machi ningeachiwa kumaliza sentensi moja.

Daktari akasema bega limerudishwa vizuri kabla hawajafika, akauliza ni nani aliyelirudisha. Godbless akainua mkono kama mwanafunzi. Alimlaza Ndeshi sakafuni, akavuta, akazungusha, likaingia. Daktari akamkaripia, kwamba angeweza kukata mshipa. Mimi nikawa najiuliza amejifunzia kwa nani.

Daktari amesema likitoka mara ya tatu tuanze kuzungumzia upasuaji, na hata hapo haahidi, kwa sababu kwa watoto wa aina hii kinachoshonwa hulegea tena.

Ndeshi amelala sasa. Hajalia leo pia. Ningependa alie.

Jumatatu, 14 Aprili

Sabina hakunilaumu. Aliuliza tu, "Masharti waliambiwa?" Nikasema hapana. Akaandika tarehe mpya kwenye kadi, wiki sita nyingine.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Abdiel na mimi tumezungumza habari za gesi, paa na sare ya shule.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Ilboru, kwa mama mkwe, ambako Godbless bado anaishi. Sikutaka kwenda, nikaenda. Kutokwenda kungehesabiwa.

Godbless alikuwa anatoa sufuria la pilau jikoni. Kwenye ngazi akasimama, akalishusha, akapindisha bega la kushoto namna fulani, na nikasikia mlio. Akaliinua tena sufuria akaendelea. Hakuna aliyegeuka. Wamezoea kama watu wanavyozoea mlango unaolia.

Nikamfuata nje kwenye migomba. Nikamwuliza ni nini kile.

"Hilo limezoea, shemeji."

"Limezoea nini?"

"Kutoka." Akasema anapovaa shati, wakati mwingine akijigeuza kitandani. Yote mawili. Goti la kulia nalo siku hizi linamwachia akishuka. Kwa hiyo kurudisha bega amejifunzia kwake mwenyewe.

Nikamwambia alaze kidole gumba juu ya mkono. Akakilaza bila kuniuliza kwa nini, kikagusa ngozi. Nikamfanyia mtihani wote wa Sabina pale pale, kwenye matone, yeye akitii kama Ndeshi. Magoti, viwiko, vidole, viganja chini. Nane. Goti bovu ndilo lililokataa.

Ana miaka thelathini na sita. Hawezi kubeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja kutoka bombani mpaka jikoni.

Akaniambia alipokuwa mdogo mwalimu wake alimwita mpira, akamweka mbele ya wenzake kila siku, akasema huyu amejaliwa. Walimvuta wakimshangilia. "Maumivu nilidhani ndiyo karate yenyewe," akasema. "Nilidhani kila mtu anayo, wenzangu wanajikaza tu kunizidi."

Tangu tarehe mosi Machi nimekuwa na mtu wa kumchukia, na ilinisaidia kuamka. Leo nimerudi nyumbani bila huyo mtu.

Jumatatu, 28 Aprili

Barabara ya Momela imekatika. Abdiel hakuja Ijumaa. Ameandika ujumbe kwamba tumwombee. Nimemwombea.

Jumamosi, 3 Mei

Ndeshi ameniuliza kama ni kweli atakuwa kama baba mdogo. Sijui nani amemwambia, labda ameona mwenyewe, macho anayo. Nikamwambia si lazima, ikiwa nyama itajengwa na namna itabadilishwa. Akauliza nani wa kuibadilisha. Nikasema tutazungumza. Neno limetoka kinywani mwangu mwenyewe, la Abdiel lile lile, na limeninukia.

Jumamosi, 10 Mei

Godbless amekuja dukani. Nilimpa kiti, nikamletea soda, na kwa kuwa hapakuwa na mama wala jani, nikamwambia masharti yote matano, la kwanza hadi la tano, na sababu ya kila moja. Alisikiliza vizuri. Akasimama kati ya ndoo za rangi akajaribu ngumi isiyofika mwisho. Akairudia. Mteja mmoja aliyekuja kununua misumari akangoja.

"Hii ni ngumu kuliko ile," Godbless akasema. "Ile unaitupa. Hii inabidi uishike."

"Ndiyo nyama hiyo."

"Ningekuwa naijua hii nikiwa na miaka kumi na mmoja, shemeji." Hakumaliza.

Nikamwuliza basi, atamfundisha hivyo? Nilikuwa na furaha kama mtu anayeona boriti imekaa. Naye akakaa chini akaanza kuzungusha chupa. Akasema, kwa moyo wake, ndiyo. Lakini hawezi kuanza tu. Mama atauliza kwa nini mtoto anafundishwa tofauti, na jibu ni kwamba shemeji ametaka, na hapo itakuwa mimi nimelifukua jambo lililozikwa kwa sale. Nitaonekana sikusamehe, na yeye ataonekana anaongozwa na mke wa kaka yake.

"Kaka akiniambia, imekwisha," akasema. "Yeye ndiye aliyelipokea lile jani. Yeye akisema mbele ya mama, 'Mdogo wangu, mtoto wangu utamfundisha hivi,' hiyo ni amri ya baba. Hakuna sale hapo. Neno moja tu la kaka."

"Umemwomba?"

"Mara mbili. Anasema tusubiri mvua ipite."

Jumapili, 11 Mei

Nimemwambia Abdiel aliyonieleza mdogo wake. Tulikuwa mezani. Akasema Godbless ni mtu mzima, ataona cha kufanya. Nikasema ameshaona, anakusubiri wewe. Akasema mama ni mzee, ana presha. Nikasema Ndeshi ana bega. Akainuka kwenda kuangalia mfereji wa nyuma kama umeziba.

Nilimwoa mtu mpole. Naam, nasema nilimwoa, maana mimi ndiye niliyemchagua, kati ya watu wenye sauti kubwa niliokuwa nao sokoni Kilombero nilipokuwa nauza mitumba. Niliupenda upole wake. Sikuwahi kuutazama upande wa pili kuona umeegemea nini.

Jumapili, 18 Mei

Mama mkwe amekuja peke yake, kwa bodaboda, amejifunika nailoni. Shikamoo mama, marahaba mwanangu. Aliomba amwone Ndeshi akifanya mazoezi. Ndeshi akasimama dirishani akavuta tyubu yake, kiwiko ubavuni, polepole kwenda, polepole kurudi. Bibi alimtazama muda mrefu. Kisha akamtuma dukani kununua chumvi, ambayo tulikuwa nayo.

Akaninyooshea mkono wake, akalaza kidole gumba juu yake. Kina baridi yabisi sasa, lakini kinalala. "Imetoka kwangu," akasema.

Nikamsogezea kiti.

"La Godbless lilitoka mara ya kwanza ana miaka minane, juu ya mti wa parachichi. Akashuka linaning'inia. Shangazi yake akalisukuma ndani. Sisi tulicheka, mama Ndeshi. Tulimwita mtoto wa mpira. Wageni wakija tulimwambia aonyeshe."

Nikamwuliza, kwa kuwa siku ilikuwa imefunguka, basi kama anajua hivyo, kwa nini alinifunga mdomo siku ile ya jani.

Alifikiri. "Kwa sababu ungeniuliza na hili," akasema.

Nikamwomba amwambie Godbless. Akatikisa kichwa. "Mimi nimelibeba sale kuja hapa," akasema, "siwezi kuwa mimi ninayelifungua fundo. Mwanamume aliyelipokea yupo." Halafu akafunga nailoni yake kidevuni, na mlangoni akaniambia, bila kugeuka, kwamba Abdiel tangu utotoni akiona ugomvi huenda kuangalia mifereji.

Jumanne, 20 Mei

Sabina amempima Ndeshi. Nguvu ya bega la kulia imeanza kukaribia ya kushoto. Anaweza kuingia ukumbini Jumamosi hii, kwa mwendo wa peke yake tu, bila mwenzi, kwa masharti yale yale matano. Akishindwa kupata mwalimu wa kuyasimamia, Sabina anasema bora asiingie kabisa, tuendelee na bwawa na baiskeli. Ndeshi alisikia yote mawili. Tulipofika getini akasema, "Mama, nikiacha karate nitaacha kwa sababu ya bega au kwa sababu ya watu wazima?"

Alhamisi, 22 Mei

Leo nimemwandikia Abdiel ujumbe, kwa simu, akiwa Momela. Naunakili hapa neno kwa neno.

Baba Ndeshi, shikamana na ujumbe huu mpaka mwisho, usiende nje. Ndugu yako yuko tayari. Alikuja dukani, ameyasikia masharti, ameyajaribu kwa mwili wake mwenyewe. Mama yako yuko tayari. Amekuja hapa kwangu ameniambia asiyowahi kukuambia wewe. Mtaalamu yuko tayari. Mtoto yuko tayari kuliko sisi sote. Aliyebaki ni mmoja.

Mimi nimesamehe tangu tarehe tisa Machi na sijarudi nyuma. Nikilisema jambo hili mimi, nimevunja sale. Ukilisema wewe, ni baba anazungumza habari ya mwanawe. Sikuombi umlaumu Godbless. Mimi mwenyewe sina tena nguvu ya kumlaumu. Nakuomba uende Ilboru kesho jioni ukitoka kazini, usimame mbele ya mama yenu, umwambie mdogo wako kwa mdomo wako kwamba Ndeshi atafundishwa kwa masharti matano ya Sabina, na kwamba ukumbini hapo hakuna wa kumgusa. Kama huwezi, niambie huwezi, ili mimi nimwambie mtoto ukweli kabla hajavaa suti yake, na nitamwambia pia ni kwa nini.

Bega hilo limebakiwa na nafasi moja, na daktari alituambia wote wawili, ulikuwepo.

Sitaki tutazungumza. Sitaki tuombe. Sitaki mvua ipite, mvua imepita, jana nimeuona Meru mpaka kileleni.

Ukumbi unafunguliwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Saa mbili kamili Ndeshi atakuwa amekaa sebuleni ananitazama. Kabla ya saa hiyo nijibu neno moja. Utamwambia, ndiyo au hapana?